Nafasi ziko Chanika, watoto wako Vingunguti: kisa cha shule sita za Dar es Salaam

Tarehe 31 Januari 2017 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2016. Ufaulu wa jumla ulikuwa umepanda, kutoka asilimia 67.91 ya mwaka uliotangulia hadi asilimia 70.35. Habari hiyo haikukaa midomoni mwa watu hata nusu saa. Wote walikimbilia orodha mbili, ya shule kumi bora na ya shule kumi za mwisho, na humo wakakuta jambo ambalo hawakulitegemea. Shule iliyoongoza nchi nzima, Feza Boys, ni ya Dar es Salaam. Na katika zile kumi za mwisho, sita nazo ni za Dar es Salaam: Kitonga, Nyeburu, Mbondole, Mbopo, Kidete na Somangila ya kutwa.

Tulizoea kusikia mkia umeshikwa na shule za huko ambako gari hupita mara moja kwa wiki. Safari hii mkia ulishikwa na jiji lenye lami, umeme, maduka ya vitabu na walimu wanaohangaika usiku na mchana watafutiwe uhamisho wa kuja huku.

Kwa wiki nzima iliyofuata kila mtu alikuwa na jibu lake. Watoto wa mjini wameharibiwa na simu. Vigodoro, zile ngoma za mitaani za usiku kucha, havilali. Wazazi wa uswahilini hawafuatilii. Walimu wa Kayumba, yaani wa shule za Serikali, wanauza ubuyu ofisini badala ya kuingia darasani. Na lile la mwisho, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: hawa watoto hawana akili. Mimi nilikuwa nimefundisha Hisabati miaka kadhaa katika shule moja ya kata ya pande hizo. Siitaji jina, kwa sababu ninayoyasema yangeweza kuwa ya jirani yake yeyote. Jibu hilo la mwisho lilinichoma, maana niliwajua watoto wenyewe. Nilichokiona, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa, ni kwamba matokeo yale yalianza kutengenezwa Januari 2013, siku majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalipobandikwa ukutani, yakaendelea kutengenezwa kila alfajiri kituo cha daladala, na chumba cha mtihani kilikuja tu kuyapokea.

Kwanza tazama shule zenyewe ziko wapi. Kitonga, Nyeburu na Mbondole ziko upande wa Chanika na Msongola, mwisho kabisa wa Ilala. Mbopo iko Mabwepande, Kinondoni, kule ambako mwaka 2012 Serikali iliwahamishia watu wa bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Kidete na Somangila ziko Kigamboni, ng'ambo ya maji. Ziunganishe kwa kalamu kwenye ramani, utapata pindo linalolizunguka jiji kwa nje. Hakuna iliyo Kariakoo, hakuna iliyo Magomeni, hakuna iliyo Tandika. Na katika zile nne zilizobaki ambazo hazikuhesabiwa kuwa za Dar, moja ni Masaki, ya Kisarawe mkoani Pwani, wilaya inayopakana na Ilala upande huohuo. Shule saba kati ya kumi za mwisho kitaifa zilikuwa kwenye pindo moja la jiji moja. Wanafunzi wajinga hawakai kwa mpangilio wa namna hiyo. Ukiona mpangilio, tafuta aliyepanga.

Pindo hilo lilitokana na historia tunayoifahamu wote. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza mwaka 2002, watoto wakafurika darasa la kwanza. Ilijulikana wazi kwamba miaka saba baadaye watabisha hodi sekondari. Hapo ndipo ukaja MMES, mpango kama huo wa sekondari, mwaka 2004, na baadaye msukumo mkubwa wa Waziri Mkuu Edward Lowassa wa kila kata kuwa na sekondari yake. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,745. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Wanafunzi katika miaka hiyohiyo walipanda kutoka 524,325 hadi 1,638,699. Watu waliziita shule za yeboyebo, kwa vile viatu vya plastiki vya bei rahisi, na walimu waliopikwa kwa mafunzo ya muda mfupi wakaitwa voda fasta. Mimi sikupenda majina hayo wakati ule na siyapendi leo. Bila shule za kata, mtoto wa muuza samaki wa Feri asingeuona mlango wa sekondari. Wananchi walichangishwa, walibeba mchanga na matofali, na shule zikasimama.

Vijijini, kata ikijenga shule, watoto wa kata ndio wanaoijaza. Wanatembea mbali, ni kweli, lakini shule na watoto viko upande mmoja wa dunia. Dar es Salaam haikuwa hivyo. Sensa ya 2002 ilikuta mkoa una watu takriban milioni 2.5, na ya 2012 ikakuta 4,364,541. Karibu mara mbili kwa miaka kumi, na wengi wao wamebanana Vingunguti, Buguruni, Manzese, Tandale, Mbagala, nyumba imeegemea nyumba, choo cha huyu kinatazamana na jiko la yule. Huko ungepata wapi ekari za sekondari? Kiwanja kilikuwa Chanika kwenye mikorosho, kilikuwa Msongola, kilikuwa Mabwepande, kilikuwa Somangila. Basi madarasa yakajengwa penye ardhi, na watoto wakaendelea kuzaliwa palipo na watu.

Kwenye karatasi za manispaa jambo hili halionekani. Karatasi ina safu mbili, nafasi zilizopo na wanafunzi waliofaulu. Nafasi arobaini za Msongola na nafasi arobaini za Ilala Boma huandikwa kwa tarakimu zilezile na hujumlishwa pamoja. Jumla ikitosha, kazi imekwisha, na taarifa inakwenda juu ikisema watoto wote wamepata nafasi. Ni taarifa ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba mtoto hasomi kwenye jumla.

Watahiniwa wa 2016 walikuwa na jambo lao jingine la pekee. Wao walimaliza darasa la saba mwaka 2012, mwaka wa kwanza wa mtihani ambao maswali yote yalikuwa ya kuchagua jibu na kusahihishwa kwa mashine, hata Hisabati. Ufaulu wa mwaka huo ulikuwa kiasi cha asilimia 31. Lakini waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza Januari 2013 walikuwa zaidi ya nusu ya watahiniwa wote. Nafasi zilikuwa zimejengwa na zilitaka watu. Kwa hiyo waliingia watoto wengi ambao msingi wao ulihitaji kushikwa mkono, na mwezi uliofuata, Februari 2013, yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012 ambapo watahiniwa 240,903 walipata sifuri, nchi ikatetemeka, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Watoto wetu wa kidato cha kwanza waliyasikia yote hayo wakiwa ndiyo kwanza wameshona sare. Wengine waliniuliza waziwazi kama kuna faida ya kuendelea.

Sasa njoo kituoni.

Chukua mtoto wa Vingunguti aliyepangiwa shule ya upande wa Chanika. Shule inataka awe mstarini saa 1:30 asubuhi. Anaamka saa 10, anapanda gari la kwanza hadi Gongo la Mboto, hapo anagombania gari la pili la Chanika, akishuka anatembea kwenye mchanga mpaka shule. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200 kwa gari, na hapo ndipo penye kiini cha uchungu wote. Kwa konda, mwanafunzi ni abiria wa nusu bei anayejaza nafasi nzima ya mtu mzima. Konda mwenyewe ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni. Kwa hiyo anasimama mlangoni anapaza sauti, "Wanafunzi wawili! Wawili tu!" na kituoni wapo ishirini. Mabinti wanasukumwa pembeni na wavulana, kidato cha kwanza wanasukumwa na kidato cha nne. Gari likiondoka, waliobaki wanaanza kusubiri upya. Saa 12 asubuhi foleni ya Pugu Road imeshafungana.

Siku moja niliwagawia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu vikaratasi nikawaambia waandike saa waliyotoka nyumbani na idadi ya magari, bila kuandika majina. Nilitegemea utani. Walinyamaza wakaandika kama wanaandika mtihani. Karatasi moja naikumbuka mpaka kesho: "Saa 10 na robo. Gari mbili. Nikikosa la kwanza sifiki." Nyingine iliandikwa "gari tatu" na chini yake, kwa wino tofauti, "jana nilirudi".

Tupige hesabu ya huyo wa gari mbili. Kwenda 400, kurudi 400, kwa siku ni 800. Kalenda ya shule Tanzania ina siku 194 za masomo kwa mwaka. 800 mara 194 ni shilingi 155,200. Januari 2016 ada ya sekondari ya kutwa ilifutwa, nasi sote tulishangilia, na nilikuwa mmoja wa walioshangilia kwa dhati. Ada hiyo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Yaani mzazi wa Vingunguti aliondolewa mzigo wa 20,000 na kuachiwa barabara inayomgharimu karibu mara nane ya hapo, na barabara haina waraka unaoifuta. Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ilikuwa 25,000 kwa mwaka. Mtoto alikuwa analeta shuleni 25,000 na kuacha barabarani 155,200. Na hapo sijataja siku ambazo mama hana hiyo 800, ambazo mtoto anabaki nyumbani na sisi tunaandika "mtoro".

Upande wa Kigamboni mambo yalikuwa na sura yake. Mwaka 2013 Kigamboni ilikuwa bado sehemu ya Temeke, na daraja la Kurasini halijafunguliwa. Lilifunguliwa Aprili 2016, watoto hawa wakiwa tayari kidato cha nne. Aliyetoka upande wa mjini kwa miaka mitatu alikuwa mtu wa pantoni, na pantoni likiharibika halimwulizi mtu ana kipindi gani.

Nikirudi darasani kwangu, kuna kitu kidogo ambacho nilichelewa sana kukiona, na nikikikumbuka nasikia uzito. Shule nyingi hupanga Hisabati vipindi vya asubuhi. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwamba akili ya mtoto asubuhi ni nyepesi. Basi ratiba yetu ilikuwa na Hisabati kipindi cha kwanza na cha pili, siku nne kwa wiki. Daftari langu la mahudhurio lilikuwa limejaa matundu. Mwenzangu wa Kiswahili, aliyekuwa akiingia baada ya mapumziko, daftari lake lilikuwa zima. Watoto walewale. Nilidhani wananikimbia mimi na somo langu, na nilishawahi kuwachapa wachelewaji. Siku nilipoweka madaftari mawili mezani ubavu kwa ubavu ndipo nilipoelewa: waliokosa kwangu saa 2 walikuwa wote wapo kwake saa 5. Walikuwa njiani. Kwa miaka minne mtoto wa Vingunguti alikuwa anasomeshwa Hisabati na konda. Kitaifa somo hilo mwaka 2016 halikufikisha hata ufaulu wa asilimia 20, kwa hiyo siwezi kusema barabara ndiyo sababu pekee. Ila mtoto ambaye hayupo kwenye somo gumu kuliko yote ana njia gani ya kulipita?

Uzito wa jambo hili unauona ukijua ziro inavyopatikana. Mtahiniwa anahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Ukiwa na F saba una pointi 35. Ukiwa na D moja na F sita una 34. Zote mbili ni ziro. Ukiongeza D ya pili tu, au ukiwa na C moja peke yake, unafika 33, na hiyo ni daraja la nne, ambalo huhesabiwa kwamba umefaulu. Kati ya kufaulu na kufeli pana D moja. Watoto wengi niliowaona wakipata 34 waliipata kwa D ya Kiswahili. Kiswahili ndilo lililokuwa somo pekee lililofundishwa kwa lugha waliyosomea miaka saba ya msingi. Mengine yote yaligeuka Kiingereza siku ya kwanza ya sekondari, baada ya wiki chache za kozi ya kuwaandaa. Anayechelewa vipindi vya asubuhi hapati hata nafasi ya kuzoea sikio. Shule yenye watoto hamsini wa namna hii, wote wakiwa na D moja kila mmoja, inaonekana ni shule ya wajinga watupu. Wangeshika D ya pili, tuseme ya Uraia, shule hiyohiyo ingetoka kwenye orodha na hakuna ambaye angelijua jina lake.

Walimu nao waliletwa mbele ya umma kama washitakiwa. Watu husema Dar hakuna upungufu wa walimu, na kwa idadi wana haki. Walimu wengi wanawake huhamia jijini kufuata waume zao, wanaume nao hufuata wake zao, na hilo ni jambo la utu. Lakini wanaohamia wengi ni wa masomo ya sanaa. Unakuta shule ina walimu wanne wa Historia na haina mtu wa Fizikia. Ilifika mwaka 2017 Serikali ikaanza kuwapeleka walimu wa sanaa wa ziada wa sekondari kwenda kufundisha shule za msingi. Pia mwalimu wa Chanika, kama hakuna nyumba ya mwalimu, anaishi Tabata au Kinyerezi, na anapanda gari lilelile analokatazwa mwanafunzi wake. Jioni anawahi kurudi, kwa hiyo vipindi vya ziada havipo. Wapo wazembe, sikatai. Niliwajua wawili watatu. Hawakutosha kuzamisha shule.

Kuhusu chakula nitasema kwa kifupi. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Wazazi wengi walisikia neno moja tu, bure. Palipokuwa na uji ukakatika, na zuio la michango la Januari 2018 lilizidi kuwafunga mikono wakuu wa shule. Mtoto aliyeamka saa 10 alfajiri anafika saa 8 mchana hajatia kitu tumboni zaidi ya ubuyu wa mia. Wale waliokuwa wanaishi hapohapo Chanika walikwenda nyumbani wakala. Ndio pia waliokuwa wanaongoza darasani kwangu, muhula baada ya muhula, na hawakuwa wamezaliwa na vichwa vikubwa kuliko wenzao.

Kuna wazazi walioona mbali wakawapangia watoto chumba karibu na shule. Sisi tunayaita mageto. Mtoto wa miaka 15 anajipikia, anajilipia kodi, hana wa kumwuliza amerudi saa ngapi. Kwa wavulana lilikuwa tatizo. Kwa mabinti lilikuwa hatari, na ile lifti ya bodaboda ya kila siku ilikuwa hatari nyingine. Aliyepata ujauzito enzi hizo ndiyo ilikuwa mwisho wa shule, kwani ruhusa ya kurudi darasani baada ya kujifungua ilitangazwa Novemba 2021. Hao hawamo hata kwenye orodha ya ziro. Kwenye idadi ya waliojiunga wamo, kwenye idadi ya waliofanya mtihani hawamo, na hakuna mkutano na waandishi wa habari unaoitishwa kwa ajili ya tofauti ya namba hizo mbili. Kama ningepewa kuchagua takwimu moja ya kuipima shule ya pembezoni, ningechagua hiyo kabla ya asilimia ya ufaulu.

Nisionekane kwamba naisukumia barabara kila kitu. Ruponda ya Lindi na Makiba ya Arusha zilikuwa kwenye orodha ileile na hazina foleni ya Pugu. Umaskini, lugha na msingi mbovu wa darasa la saba vinapatikana kila mahali nchini. Ninachosema ni kwamba Dar es Salaam ilichukua matatizo hayo ya wote ikayaongezea moja la kwake, na hilo lilitosha kuzivuta shule zake chini ya zile za Kigoma na Rukwa zenye walimu wachache kuliko sisi.

Yamefanyika nini tangu hapo? Yapo, na nayapokea kwa moyo mweupe. Kwa mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, mwaka 2021 yalijengwa nchini madarasa 15,000, kati ya hayo 12,000 ya sekondari, na kwenye kata za mjini zenye viwanja finyu yakaanza kupanda majengo ya ghorofa. Hilo lilipaswa kufanyika miaka kumi na tano kabla. Ghorofa moja Buguruni ina thamani kubwa kwa mtoto wa Buguruni kuliko madarasa kumi ya chini yaliyo Msongola, na hata kama gharama ya kujenga ni kubwa zaidi, itoe kwenye ile 155,200 ya kila mtoto kwa kila mwaka, uone inarudi baada ya muda gani. Halafu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na za mwisho. Mimi nilifurahia nusu. Aibu waliyopewa watoto wa Kitonga na wenzao ilikuwa ya bure, hawakustahili kutajwa redioni kama wahalifu. Lakini ni orodha hiyohiyo iliyotuonyesha lile pindo. Ukiizima taa, pindo halihami.

Na wimbi halijapungua. Watoto walioandikishwa darasa la kwanza mwaka 2016, mwaka wa kwanza wa elimu bila ada, waliingia kidato cha kwanza 2023 wakiwa zaidi ya milioni moja nchi nzima. Sensa ya 2022 imekuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Wapo waliohamia Chanika, Mabwepande na Kigamboni wenyewe, wamejenga, wana watoto, na shule ambazo zamani zilijazwa na watoto wa mbali sasa zinaanza kupata wa jirani. Hiyo peke yake inasaidia. Kinachonikera ni kwamba mpaka leo fomu ya kujiunga inamwuliza mzazi karibu kila kitu, mpaka idadi ya madaftari na rangi ya soksi, na haimwulizi mtoto wako atapanda magari mangapi. Swali hilo moja, likiandikwa mbele ya jina la kila aliyechaguliwa kabla majina hayajabandikwa, lingemwezesha afisa elimu kubadilishana watoto na jirani yake wa wilaya ya pili bila kujenga hata tofali. Watoto wawili wanaopishana barabarani kila asubuhi, mmoja anakwenda alikotoka mwenzake, nimewaona kwa macho yangu Gongo la Mboto, sare mbili tofauti, vituo viwili vinavyotazamana.

Pale shuleni kwetu tulifanya kitu kimoja. Baada ya kuyaweka yale madaftari mawili mezani nilimfuata mkuu wa shule, mama mmoja aliyekuwa mkali lakini msikivu, nikamwonyesha. Aliyatazama kwa muda mrefu, akayafunga, akasema, "Mwalimu, hebu tujaribu." Muhula huo Hisabati ikahamia kipindi cha tano na cha sita, baada ya mapumziko, na kipindi cha kwanza tukakifanya cha kujisomea, ili anayefika saa 2 na nusu asiwe amepoteza kitu. Mwalimu wa Historia alilalamika kwamba nimempora muda, nikamwelewa. Wiki ya tatu daftari langu halikuwa na matundu. Niliingia darasani nikakuta madawati hayatoshi, wawili wamekaa dirishani, na ilinibidi nianze kipindi kwa kwenda kuomba viti stoo.

Mkuu yule alihamishwa mwaka uliofuata, na ratiba ikarudishwa ilivyokuwa.